Faini ya Mbuzi Mmoja

Tarehe 12 Januari shule hazisomi. Hapa kwetu Kwedizinga, mwaka ambao mvua za vuli zimekuwa njema, siku hiyo huwakuta watoto uani, wamekaa kwenye jamvi wanapukuchua mahindi, na redio iko dirishani inaleta gwaride na hotuba za sikukuu ya Mapinduzi kutoka Zanzibar. Siku moja kama hiyo mjukuu wangu, binti wa darasa la sita, aliacha gunzi mkononi akaniuliza: "Babu, hao watu walipindua serikali kwa sababu walikuwa na njaa?"

Nilimwambia amalize debe lake kwanza, nami nifikirie jibu. Debe lilijaa, jibu bado. Leo ninalo, mjukuu wangu, na nimeliandika ili na wenzako walisome, ninyi mnaokaririshwa tarehe za vita na mapinduzi bila kuelezwa ni kitu gani hasa kilichowainua watu vitini.

Nianze na hiyo njaa uliyoitaja.

Katika miaka ya 1830 nchi yetu ya Uzigua ilikaukiwa, mwaka baada ya mwaka. Ghala zilikwisha, mbegu zikaliwa, watu wakachimba mizizi porini. Walioweza kutembea waliteremka pwani. Huko wakakutana na wafanyabiashara wenye majahazi, wakaahidiwa kazi na chakula katika nchi ya mbali. Wakapanda kwa miguu yao wenyewe, watoto wakiwa mgongoni. Majahazi yakashika njia ya kaskazini hadi pwani ya Benadir, ambayo leo ni Somalia. Waliposhushwa huko, hapakuwa na ujira wala kibarua. Waliuzwa.

Sasa tazameni. Hiyo ilikuwa njaa ya kumla mtu na utu wake, na bado hakuna mtawala aliyepinduliwa huku kwetu kwa sababu yake. Mwenye njaa kali haitishi mkutano. Anatafuta muhogo. Kila nyumba inatazama chungu chake, jirani anamficha jirani, ndugu wanatawanyika kila mmoja na njia yake. Halafu kuna jambo jingine: mvua isiponyesha, utamshitaki nani?

Kwetu sisi swali hilo lilikuwa gumu. Lakini ng'ambo ya mto Ruvu, ule ambao ramani za shule zinauita Pangani, palikuwa na watu waliokuwa na jibu. Ukisimama mahali palipo wazi asubuhi isiyo na mawingu, ukatazama upande wa Korogwe, utaiona milima yao imekaa bluu. Huko Usambara mvua ilikuwa na mwenyewe. Na mwenyewe huyo, ajabu yake, alitoka huku kwetu.

Jina lake Mbegha. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewajua watawala wa Usambara kwa karibu, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Masimulizi yanasema Mbegha alizaliwa katika milima ya Nguu, akaota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego na alihesabiwa nuksi. Alinusurika, akakua, akawa mwindaji hodari wa nguruwe mwitu, lakini ndugu zake hawakumtaka, na balaa nyingine zikamfuata alipokaa Kilindi. Mwishowe akavuka mto na mbwa wake na mikuki yake, akapanda milimani. Yapata miaka mia tatu iliyopita.

Milimani nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba. Mbegha akawaua, nyama akaigawa kwa watu. (Uislamu ulikuwa haujafika huko, nguruwe alikuwa kitoweo kama kitoweo kingine.) Watu nao hawakumwacha mikono mitupu. Walimletea ndizi na unga, kwa kuwa mwindaji hana shamba. Yeye nyama, wao chakula cha shambani. Walipogombana wakamwendea awaamue, maana mgeni hana ukoo wa kuupendelea. Kijiji baada ya kijiji wakamwita, hadi Vuga, ambako usiku wa kuamkia siku ya kuingia kwake aliua simba. Wakamfanya mfalme. Watoto na wajukuu zake ndio walioitwa Wakilindi.

Nataka mkumbuke nyama ile na ndizi zile. Ufalme huo haukuanza kwa vita. Ulianza kwa kupeana. Mfalme ana haki ya kupokea kwa sababu anatoa, na kitu kikubwa anachotoa ni usalama: nguruwe wasile mahindi, mwizi asiondoke na ng'ombe wa mwenzake, na mvua inyeshe kwa wakati wake. Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpima mtawala. Akiwa mwema walisema *anazifya shi*, yaani anaiponya nchi. Akiwa mbaya, *abana shi*, anaiharibu nchi. Hapakuwa na mizani nyingine juu ya hiyo.

Mzee wa Wakilindi aliyekuwa mkubwa kuliko wote ni Kimweri ye Nyumbai. Alitawala miaka mingi sana kutoka Vuga, na nchi yake iliteremka hadi kwa Wabondei, kule Muheza ya leo, ikakaribia pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Richard Burton na John Speke walifika Vuga mwaka 1857, wakamkuta mzee sana. Katika kila sehemu ya nchi hiyo alikaa Mkilindi, mtoto au mjukuu wa mfalme, akikusanya kodi na kuhukumu kesi.

Hapa kwenye kesi ndipo nitakapokaa kidogo, msinichoke.

Chukueni kijana mmoja. Simpi jina kwa sababu nimemuunda mwenyewe, ila kesi yake ni ya namna iliyokuwa ikitokea. Amegombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba, akampiga na mpini wa jembe, jirani akavunjika mkono. Wanapelekwa kwa Mkilindi. Mkilindi anasikiliza, anasema: faini, mbuzi. Kijana hana mbuzi. Basi ukoo wake utoe mtu akae kwa mtawala mpaka mbuzi apatikane. Wanamtoa dada yake, msichana wa umri wako, mjukuu wangu.

Wakati wa ujana wa Kimweri, msichana huyo angehamia kwenye nyumba za mtawala. Angelima huko, angeteka maji, angekula walichokula wengine. Kazi ngumu, ndiyo, na si uhuru. Lakini mama yake angejua yuko wapi. Siku ya gulio angemwona. Na mjomba akipata mbuzi, hata baada ya mwaka na nusu, anamvuta kwa kamba hadi uani kwa mtawala, anamfunga kwenye mti, anaondoka na mpwa wake.

Sasa sogeeni miaka mingi mbele. Kosa ni lile lile. Mpini ni ule ule. Hukumu inasomwa kwa maneno yale yale: faini, mbuzi, na asiye na mbuzi atoe mtu. Msichana anapelekwa. Baada ya wiki tatu mjomba anafika na mbuzi wake, anamfunga kwenye mti, anakaa chini kungoja. Anaambiwa msichana hayupo. Yuko wapi? Ameondoka na msafara wa Pangani. Nyuma ya nyumba ya mtawala kuna majora mapya ya nguo na kipipa cha baruti.

Mjomba anafungua kamba, anarudi na mbuzi wake.

Watoto wangu, siku hiyo mbuzi aliporudi nyumbani ndiyo siku ufalme ulipoanza kufa, ingawa Vuga walikuwa bado wanapiga ngoma. Sheria haikubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni soko. Zanzibar kulikuwa na mashamba ya mikarafuu, Pangani kulikuwa na mashamba ya miwa, na yote yalitaka mikono. Mtu aliyekuwa anakaa uani kwa mtawala kama rehani sasa alikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa kwa bunduki.

Bunduki nayo ilileta badiliko ambalo naliona kubwa kuliko hata biashara yenyewe. Zamani Mkilindi aliwahitaji watu wake. Nguvu yake ilikuwa wao: wakimchoka wanabeba vyungu vyao, wanahamia kwa Mkilindi mwingine bonde la pili, naye anabaki anatawala migomba. Kwa hiyo alijizuia. Mwenye bunduki na marafiki wa pwani hajizuii. Utajiri wake hautoki tena kwenye mashamba ya watu wake. Watu wenyewe ndio wamekuwa mazao. Mtawala asiyewahitaji anaowatawala ni mtawala hatari katika nchi yoyote, na nasema hivyo bila kupunguza neno.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Aliyerithi ni mjukuu wake, Shekulwavu, kijana. Lakini kulikuwa na mtoto wa Kimweri aliyeitwa Semboja, naye alikaa Mazinde, chini ya milima, kando ya njia ya misafara inayofuata mto. Kama mmesafiri kutoka Korogwe kwenda Mombo na Same mmepita hapo. Vuga juu ya mlima ilikuwa na heshima zote za kifalme. Mazinde uwandani ilikuwa na bunduki. Semboja alivaa mavazi ya pwani, alifanya urafiki na wafanyabiashara, akakusanya wapiganaji, wakiwamo Wazigua wetu, waliokuwa wameanza kumiliki bunduki mapema kuliko Wasambaa. Mwishoni mwa miaka ya 1860 akaipiga Vuga, ikaungua. Shekulwavu akakimbilia mashariki, akafa bila kukirudia kiti chake. Semboja akamweka mwanawe kuwa mfalme Vuga, naye akaendelea kutawala kutoka Mazinde.

Wasambaa wana neno la hali hiyo pia: *nguvu kwa nguvu*. Maana yake mamlaka moja inapambana na mamlaka nyingine, na nchi haina mmoja wa kuiponya. Mvua, walisema, haiji mahali kama hapo. Mnaweza kutabasamu kwa habari ya mvua, lakini fikirini kilichokuwa kinatokea mashambani. Nani atalima mbali na nyumba wakati wapiganaji wanavizia watu wa kuuza? Nani ataweka akiba ya mahindi wakati ghala inachomwa? Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Njaa ilikuja, na safari hii ilikuwa na jina la mtu.

Ndipo Wabondei walipoinuka. Harakati hiyo inaitwa Kiva. Vijiji vya Bonde, nchi ya Wabondei, vilipatana, vikawageukia Wakilindi waliokuwa wanavitawala. Wengine waliuawa, wengine walikimbia na walichoweza kubeba. Utawala wa Wakilindi uliokuwa umeshika Bonde kwa vizazi ukaondolewa, na haukurudi kama ulivyokuwa.

Kwa nini Wabondei, na kwa nini wakati ule? Mwaka mmoja wa dhuluma haukutosha kuwainua. Walikuwa wameuzwa kwa miaka. Nadhani jibu liko katika mambo waliyokuwa nayo pamoja. Karibu kila ukoo ulikuwa na mbuzi wake aliyerudi nyumbani. Walikaa karibu na pwani, kwa hiyo walijua hasa watoto wao walikwenda wapi na kwa bei gani. Hapakuwa na la kufichwa. Aliyewauza hakuwa mgeni asiyeonekana, alikuwa Mkilindi wa kijiji, mjukuu wa yule mwindaji aliyeletewa ndizi na mababu zao ili awalinde. Na wakubwa walipoanza kuuana wenyewe kwa wenyewe, watu waliona kuwa kiti walichokuwa wanakiogopa kina miguu ya kuvunjika. Uchungu walikuwa nao zamani. Nafasi ndiyo iliyofunguka wakati ule.

Lazima niwaambie na upande wa pili, maana msimuliaji anayewaficha watoto damu anawadanganya. Kiva haikumaliza biashara ya watumwa. Bonde lilibaki vijiji vijiji, kila kimoja na wazee wake, katika nchi ambayo bado ilijaa bunduki na wanunuzi wa watu. Waliouawa hawakuwa wauzaji peke yao. Wengine kosa lao lilikuwa jina la ukoo tu, na mtoto hachagui ukoo. Kuwatoa watawala kulichukua muda mfupi. Kuirudisha ile kupeana ya nyama na ndizi hakuna aliyeweza.

Sasa turudi kwenye redio ya dirishani. Zanzibar ya mwaka 1963 haikuwa na njaa ya kula mizizi. Ilikuwa na karafuu, shule, magazeti na vyama. Ilikuwa pia na mashamba makubwa ya watu wachache na maelfu ya watu waliolima chini ya mikarafuu isiyo yao, na kumbukumbu ya utumwa iliyokuwa bado mbichi ndani ya nyumba. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, karibu asilimia 54, lakini kikapata viti 13 tu kati ya 31, na vyama vingine viwili vilivyoungana vikaunda serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Serikali mpya ikawaondoa kazini askari polisi waliotoka bara, watu waliozijua ghala za silaha kama mnavyozijua njia za kwenda kisimani. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 watu waliokuwa na mapanga na marungu walivamia kituo cha polisi cha Ziwani, wakachukua bunduki. Sultani Jamshid akaondoka kwa meli. Siku zilizofuata waliuawa watu wengi sana, wengi wao Waarabu, na wako wazee mpaka leo wasioweza kuzisimulia siku hizo. Katika sikukuu hii wapo wanaosherehekea na wapo wanaolia kimyakimya, wote ni watu wa visiwa vile vile.

Mnaona mbuzi wetu alivyojitokeza tena? Safari hii alikuwa kura. Uliambiwa mkiwa wengi mtashinda, ukaja na haki yako umeifunga kamba, ukaambiwa haipo.

Na mbali, kaskazini kabisa ya bara hili, alikuwapo kijana wa Tunisia, Mohamed Bouazizi, umri wake miaka 26, akiuza matunda kwa mkokoteni katika mji wa Sidi Bouzid. Umaskini wake ulikuwa wa siku nyingi. Tarehe 17 Desemba 2010 wakaguzi wa mji walimnyang'anya mizani. Akaenda kulalamika ofisini, hakuna aliyemsikiliza. Akajiwasha moto mbele ya ofisi hiyo. Alifariki tarehe 4 Januari 2011, na siku kumi baadaye rais aliyekuwa ametawala miaka 23, Ben Ali, alikimbia nchi. Mizani moja. Lakini katika kila mji wa Tunisia alikuwapo mtu aliyekuwa na mizani yake iliyochukuliwa.

Nawaomba msidhani kila mtawala anayeiharibu nchi huondolewa kwa moto. Rudini tena milimani Usambara. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, Waingereza walianzisha Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ukaenea milima yote. Kila mkulima achimbe matuta, asiyechimba apigwe faini. Kwa mabwana shamba udongo ndio uliokuwa mgonjwa, na kwa kweli ulikuwa unakwenda na maji. Lakini mwanamke mwenye kishamba kidogo mteremkoni, mwenye watoto wa kulisha kutoka kishamba hicho hicho, aliona nguvu zake zote zinaishia kwenye matuta na chakula hakiongezeki. Waliotumwa kumsimamia na kumtoza faini walikuwa machifu Wakilindi, wajukuu wale wale, ambao sasa walilipwa mshahara na serikali ya kikoloni. Tazameni jinsi jambo linavyojirudia: mtawala hawahitaji tena watu wake, kwa kuwa anakula kwingine.

Wanakijiji waligoma. Walikataa kuchimba, walikusanyika, walimwendea chifu kwa wingi, wanawake wakiwa mbele mara nyingi, wakafungua masikio kwa chama cha TANU kilichoanzishwa mwaka 1954. Mwaka 1957 serikali ikauacha mpango wa matuta. Uhuru ukaja mwaka 1961, na mwaka 1963 Tanganyika huru ikaufuta utawala wa machifu nchini kote. Ufalme wa Mbegha ulioanza kwa nyama ya nguruwe uliisha kwa kifungu cha sheria, na Vuga hakuna nyumba iliyochomwa. Mimi nauhesabu ushindi huo kuwa mkubwa kuliko Kiva, ijapokuwa hauna nyimbo nyingi.

Lakini wale wetu waliopanda majahazi? Nilijua kuna mtoto mmoja atauliza.

Walisambazwa kwenye mashamba ya bonde la mto Shebelle, wakalima chini ya mijeledi. Sasa hawakuwa watu waliotawanywa na njaa, kila mmoja na chungu chake. Walikuwa watu wa lugha moja, wenye aibu moja na udanganyifu mmoja wa kukumbuka: tuliahidiwa ujira, tukauzwa. Wazigua wale wale ambao ukame haukuwafanya waasi huku nyumbani, huko waliasi. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanankhucha, mwenye maono, aliyepanga kutoroka kwao na kuwatangulia njiani. Nia yao ilikuwa kurudi Uzigua kwa miguu. Walifika mto Juba, wakakuta misitu minene ambako wenye kuwatafuta hawakupenda kuingia, wakakaa humo. Mahali hapo pakaitwa Gosha. Wakalima, wakazaa, wakajilinda, na lugha waliyoifundisha watoto wao ilikuwa Kizigua. Majirani waliwaita Mushunguli, na ukilitamka polepole utasikia Mzigula, yaani Mzigua, ndani yake.

Walikaa huko karibu miaka 150. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu wenye bunduki waliingia mashambani mwao kwa sababu wao ndio waliokuwa na chakula na hawakuwa na ukoo mkubwa wa kuwalinda. Wengi walikimbilia makambi ya Dadaab, Kenya, na kuanzia mwaka 2003 zaidi ya Wabantu wa Somalia elfu kumi, wao wakiwamo, walichukuliwa Marekani. Wengine walishika njia ambayo Wanankhucha alikusudia. Walifika Tanga, wakapelekwa kambi ya Mkuyu, kisha wakapewa ardhi Chogo, hapa hapa wilayani Handeni, na baadaye uraia wa Tanzania.

Chogo si mbali na hapa. Likizo ijayo nendeni, mkawaamkie wazee wa huko kwa Kizigua. Watawaitikia.